Kuvua rangi kuukuu ya gari ya zamani huku Unguja na Pemba: hatua kwa hatua mpaka praima

Kila masika ikimaliza lalamiko linalokuja ni lilelile. Mtu kaikwangua gari yake yote, Peugeot 404 ya babu au Morris Minor au Land Rover ya zamani, kaipiga rangi mpya inang'aa mpaka unajiona uso, halafu haijatimia hata mwaka malengelenge yanatoka chini ya milango, pembezoni mwa boneti na kwenye gata za paa. Analaumiwa fundi rangi, fundi nae anailaumu rangi ya dukani. Mara nyingi kosa halipo kwa yeyote katika hao, lipo kwenye zile siku chuma kilipokuwa wazi, kabla bunduki ya rangi haijashikwa.

Sisi ni watu wa kisiwani. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima na ina chumvi, na chuma kitupu hakisubiri mvua ili kishike kutu, usiku mmoja unakitosha. Ndo mana mwongozo huu wote umesimama juu ya kanuni moja: usikivue nguo chuma ambacho huwezi kukivisha siku hiyohiyo. Video nyingi tunazoangalia zimepigwa nchi za hewa kavu, mtu anaivua gari nzima anaiacha gereji wiki mbili na inakubali. Kwetu haikubali. Kwetu unafanya kipande kimoja, unakimaliza mpaka praima, yaani ile rangi ya kwanza inayoshika chuma, ndo unahamia chengine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa kitu

Kusanya vyote mwanzo. Ukishavua boneti halafu ukagundua huna praima, na wewe uko Wete na mzigo wenyewe bado uko Unguja unasubiri boti, basi umeshapoteza kazi ya siku nzima.

- Praima ya epoksi pamoja na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha inayochanganywa nayo. Hii inunuliwe ya kwanza, kabla hata ya dawa ya kuvulia. Sababu ntaieleza huko mbele.
- Dawa ya kuchubulia rangi, pent rimuva, ile nzito ya ujiuji. Ile nyepesi kama maji inateremka kwenye milango na kukauka kabla haijafanya kazi.
- Tina ya kusafishia na maji maalumu ya kuondoshea mafuta na nta.
- Msasa namba 40, 80, 120 na 180.
- Skrepa mbili, moja ya plastiki ngumu na moja ya chuma. Ile ya chuma ipitishe tupa kwenye pembe zake mpaka ziwe mviringo, pembe kali inachimba mistari ambayo utaiziba kwa puti, ule ujazo wa kusawazishia bati, baadae.
- Sanda ya umeme ya kuzunguka kwa kutikisika, na diski za nailoni za kuvulia rangi, zile nyeusi au zambarau zenye matundu matundu.
- Sumaku ndogo, ifunge kitambaa chembamba isikwaruze.
- Tepu ya karatasi, nailoni nzito, turubai, ndoo mbili, brashi za bei rahisi, still wuli.
- Matambara meupe ya pamba, mengi kuliko unavyofikiri. Meupe kwasababu unataka kuuona uchafu, na usitumie ya rangi, tina inaivua rangi ya kitambaa na kuipaka kwenye chuma.
- Maji matamu. Kama kisima chako kiko karibu na bahari na maji yake yana chumvi, usioshee gari kwa maji hayo, teka ya bomba au ya mvua.

### Kinga, na hapa usipunguze kitu

Gari za kabla ya miaka ya 1980 usizichukulie poa, chukulia rangi yao ina madini ya risasi mpaka ithibitike vyengine, khasa praima ya chini yenye rangi ya machungwa. Vumbi lake linaingia kwenye damu na linawadhuru watoto zaidi kuliko wakubwa. Barakoa ya kitambaa haizuii. Unataka maski ya mpira yenye filta mbili pembeni, filta za vumbi laini wakati wa msasa, filta za mvuke wa kemikali wakati wa dawa. Ni filta mbili tofauti, moja haifanyi kazi ya nyengine.

Miwani ya kufunika macho pande zote, glavu ndefu nzito, nguo za mikono mirefu ambazo hutoingia nazo ndani. Ukimaliza vua nguo nje, oga, ndo umbebe mtoto.

Soma kopo la dawa. Ikiwa imeandikwa methylene chloride au dichloromethane, jua kwamba ndo kali kuliko zote, inafanya kazi haraka kweli lakini imeshaua watu waloitumia kwenye vyumba vilofungwa, na Marekani mwaka 2019 iliamua isiuzwe tena kwa watu wa kawaida. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuwama chini, kwa hiyo usiitumie dawa hiyo kwenye shimo la gereji wala chumba kisichopitisha upepo. Filta za maski hazikulindi nao vya kutosha na unapenya glavu za kawaida kwa dakika chache tu. Ukipata dawa isiyo na kitu hicho, ichukue hiyo, itakuchelewesha lakini utakuwa mzima.

## Njia nne ambazo watu wanazikimbilia, na kwanini nazikataa

Mchanga wa pwani kwenye bunduki ya kompresa. Hili ndo linaloniuma zaidi kwasababu linafanywa na watu wenye nia nzuri kabisa. Mchanga wa pwani una chumvi, unapoupiga kwa nguvu juu ya chuma unaipachika ile chumvi kwenye kila kitundu kidogo, halafu unapaka praima juu yake na kuifungia humo humo. Tena bati la gari halina hata milimita moja mara nyingi, likipigwa mchanga kwa nguvu linakunjamana, boneti ilokuwa imenyooka inakuwa na mawimbi na hairudi tena. Na vumbi la mchanga wenye silika linaharibu mapafu ya mpigaji moja kwa moja. Kupiga mchanga kunafaa chesisi, ringi na vyuma vinene, tena kwa mchanga maalumu ulonunuliwa kwa kazi hiyo.

Moto wa gesi. Unakunja bati, na rangi yenye risasi ikiungua inatoa moshi wa sumu. Basi, halina mjadala.

Kostiki soda, ileile wanayotengenezea sabuni. Kweli inakula rangi ya mafuta. Lakini ikiingia kwenye maungio haitoki, inakaa humo inangoja unyevu, na alumini inaila yenyewe kabisa mpaka inatoa povu na gesi inayoshika moto. Mwenye Land Rover asiisogeze karibu.

Breki fluidi. Inalegeza rangi, ni kweli, ila inaacha mabaki ambayo hata ukisafisha vipi rangi mpya inakuja kufanya macho ya samaki, vile vishimo vya duara, juu yake.

## Hatua ya 1: Chagua msimu na mahali

Usianze masika, kuanzia Machi mpaka Mei, wala vuli ya Oktoba mpaka Disemba. Wakati mzuri ni kaskazi ikishakaa, Januari na Febuari, au kipupwe cha Juni mpaka Septemba ambacho jua lake si kali na mvua ni za kupita.

Gari iwe kwenye kivuli chenye upepo, banda la makuti au la bati lilo wazi pembeni linatosha. Kivuli si kwa ajili yako tu: methilini kloraidi inachemka kwenye nyuzi joto 40, na boneti ilopigwa jua la saa saba mchana inapita hapo kwa mbali sana, dawa inaruka hewani kabla haijaingia kwenye rangi. Halafu unamsikia mtu anasema dawa feki.

Kama uko Paje, Makunduchi au Nungwi na upepo unatoka baharini moja kwa moja, ning'iniza turubai upande wa bahari. Ukiweza kuipeleka gari ndani zaidi ya kisiwa kwa muda wa kazi, bora zaidi.

Masaa ya kazi ni kuanzia saa tatu asubuhi, umande ukishakauka. Gusa bati kwa nyuma ya mkono, likiwa na ubaridi wa unyevunyevu subiri kidogo.

## Hatua ya 2: Ijue bodi yako

Pitisha sumaku kila mahali taratibu. Inaponasa vizuri ni chuma kizima. Inaposhika kilegevu au kuteleza chini kuna puti nene. Isiponasa kabisa ni alumini, faiba, au risasi walojazia kiwandani kwenye maungio. Piga duara kwa chaki kila penye shaka.

Wenye Land Rover za Series wasikilize hapa. Bodi nyingi ya gari hizo ni aloi ya alumini, lakini ukuta wa mbele unaotenganisha injini na dereva ni chuma, na chesisi ni chuma. Alumini haipigwi waya brashi ya chuma, zile nyuzi zinaacha vipande vidogo vinavyoshika kutu ndani ya alumini. Tumia diski ya nailoni na msasa mpya ambao haujapita kwenye chuma.

Kisha ijue rangi yenyewe. Chovya kitambaa cheupe kwenye tina, kiweke juu ya rangi sehemu ya kujificha, subiri dakika chache. Rangi ikitoka kwenye kitambaa kama wino, ni seluloz ya zamani, itavuka kirahisi. Ikikunjamana na kuvimba ni rangi ya mafuta. Isipofanya lolote, ni rangi ya hadina ilopigwa miaka ya karibuni, na hiyo ndo itakayokusumbua.

Gari nyingi huku zishapigwa rangi mara nyingi moja juu ya nyengine bila kuvuliwa. Chukua msasa namba 120, sugua pahala pamoja padogo mpaka uone chuma, utaona mapete ya kila rangi ilopita. Hapo utajua unapambana na tabaka ngapi.

## Hatua ya 3: Fungua vitu, piga picha, osha

Toa bampa, taa, vitasa, nembo, mipira ya vioo, na vioo vyenyewe kama unaweza. Piga picha kabla ya kufungua na wakati unafungua. Kila skrubu za pahala pamoja ziingie kwenye mfuko wake na uandike jina, kwasababu kipande cha kromu cha Peugeot ya zamani kikipotea hukipati Darajani wala Kariakoo.

Boneti, buti na milango ikiwa inafunguka, ifungue kabisa uifanyie kazi juu ya meza. Dawa inakaa vizuri juu ya kitu kilolala kuliko kilosimama.

Halafu osha gari yote kwa sabuni ya vyombo na maji matamu, mara mbili, pamoja na chini ya madigadi na ndani ya gata. Kausha, pitisha maji ya kuondoshea mafuta. Watu wanaliruka hili wakisema rangi si inatoka yote, ya nini kuosha? Sababu ni kwamba nta, grisi na chumvi ya juu ya rangi ukizisugua kwa msasa unazisukumia ndani kwenye mikwaruzo ya chuma, na hapo hazitoki tena.

## Hatua ya 4: Ziba maungio

Hii ndo hatua inayotofautisha kazi ya kudumu na kazi ya malengelenge. Kila panapokutana bati mbili, kila gata, kila ukingo wa mlango ulokunjwa, pana kijinafasi. Dawa ikiingia humo huitoi hata uoshe vipi. Itakaa, na rangi mpya ikishapigwa itaanza kutambaa nje kidogokidogo na kuivua rangi yako ya pesa kutoka chini.

Piga tepu safu mbili kufuata maungio yote, iingie kiasi cha upana wa vidole viwili ndani ya kipande. Juu ya tepu weka nailoni. Sehemu hiyo ya vidole viwili utaivua kwa mkono baadae, bila dawa. Ziba pia matundu ya taa, ya vitasa na ya waya.

Na penye puti, palipo na ile duara yako ya chaki, usipake dawa. Puti inakunywa dawa kama sponji. Puti yote ya zamani itolewe kwa msasa namba 40 au patasi, usiibakishe hata ikionekana imeshika vizuri, hujui chini yake kuna nini.

## Hatua ya 5: Paka dawa

Anza na kipande kidogo kisichoonekana, upande wa ndani wa buti kwa mfano, uijue dawa yako inavyofanya kazi kabla hujaipeleka kwenye boneti.

1. Kwaruza rangi kwa msasa namba 40 kwa kupishanisha, na maji kidogo ili vumbi lisiruke. Huvui hapo, unafungua ngozi ya juu tu dawa ipate pa kuingilia. Kwa rangi ya hadina hii si ya hiari.
2. Fungua kopo polepole huku umelifunika kitambaa. Kwenye joto letu kopo linakuwa na presha na linaweza kurusha dawa usoni.
3. Mimina kwenye bakuli la bati, paka nzito kwa brashi, upande mmoja, pita moja. Usirudishe brashi. Dawa inatengeneza utando juu unaouzuia mvuke kutoka, ukirudisha brashi unaupasua.
4. Hapohapo funika kwa nailoni na uibonyeze hewa itoke. Huku kwetu hili ndo linaloamua, bila nailoni dawa inakauka mapema na unaishia kupaka mara tatu.
5. Subiri dakika 15 mpaka 30, au kama kopo linavyosema. Usikwangue kwa haraka.

Mafanikio unayaona kwa macho: rangi inanyanyuka, inakunjana mikunjo mikunjo chini ya nailoni na kuachana na chuma. Ukigusa kwa skrepa inateleza yenyewe. Ikiwa inabidi utumie nguvu, rudisha nailoni usubiri.

Dawa ikikugusa ngozi utasikia kuungua baada ya sekunde chache. Osha kwa maji mengi papo hapo. Ikiingia jichoni ni maji dakika 15 bila kuacha, halafu hospitali.

## Hatua ya 6: Kwangua

Fungua nailoni kidogo kidogo, kwangua pale ulipofungua tu, palobaki paendelee kulainika. Skrepa ilale, si wima. Takataka zote ziingie kwenye kopo la bati, zisidondoke chini.

Kama tabaka ni nyingi, pita ya mwanzo itatoa mbili tatu za juu na itakuachia madoadoa. Hiyo ni kawaida. Paka tena, funika tena. Madoa ya mwisho sugua kwa still wuli na dawa kidogo, lakini kwa alumini tumia brashi ya nailoni badala ya still wuli.

## Hatua ya 7: Vya mkono na vya mashine

Sasa toa tepu uvue ile mipaka ya vidole viwili. Pembeni na kwenye mistari ya bodi tumia mkono na msasa namba 80 peke yake. Mashine kwenye ukingo wa mlango inakula chuma kwa sekunde, na ule mstari mkali wa bodi ulochorwa kiwandani ukishaliwa fundi hawezi kuurudisha sawasawa.

Sehemu pana zilizobaki na rangi ngumu, diski ya nailoni kwenye grenda inayopunguzwa spidi au drili. Itembeze muda wote, usiikandamize. Kila baada ya muda mfupi weka kiganja karibu na bati: likiwa la moto huwezi kuligusa, simama. Chuma kikigeuka rangi ya buluu au kahawia umekiunguza, na penye kuungua bati limeshaanza kukunjika. Zile diski za grenda za kulia chuma, za vipande vipande vya msasa, ziweke mbali kabisa na bodi, zinapunguza unene wa bati lenyewe.

Ukifika kwenye maungio ya paa na nguzo ukakuta madini laini ya kijivu yanayong'aa zaidi ya chuma, na sumaku hainasi, simama hapo. Hiyo ni risasi walojazia kiwandani kuficha maungio. Si kasoro, ni kazi ya fundi wa zamani, iache ilivyo. Isafishe kwa mkono kwa msasa ulolowa, usiipitishie mashine, usiipashe moto.

## Hatua ya 8: Toa mabaki ya dawa

Kopo litakwambia dawa yako inaoshwa na maji au na tina. Zikiwezekana zote mbili chagua tina, kwasababu maji juu ya chuma kitupu katika hewa hii yanaleta rangi ya chungwa huku unatizama. Ukilazimika kutumia maji, yawe matamu, kipande kidogo kidogo, na mtu wa pili afuate nyuma yako na kitambaa kikavu na upepo wa kompresa, kisha pitisha tina.

Fanya mara mbili kwa vitambaa visafi. Wekea umuhimu pembe na chini ya kingo. Kitambaa kikitoka bado kina utelezi, dawa ipo.

Usivute sigara karibu, usichomelee chuma karibu, na grenda isiwashwe penye mvuke wa tina.

## Hatua ya 9: Kutu iliyokuwa imejificha

Chini ya rangi utakuta kutu, gari ya kisiwani haikosi. Kutu ya juujuu inatoka kwa msasa namba 80. Kutu ya vishimo vyeusi haitoki kwa msasa peke yake, paka dawa ya kutu yenye tindikali ya fosforiki, sugua kwa brashi ya waya (kwa chuma tu), rudia mpaka weusi utoke. Kisha ioshe na uikaushe kabisa kama kopo linavyoelekeza, kwasababu tindikali ikibaki chini ya epoksi, epoksi haishiki.

Bati lilotoboka halizibwi kwa puti. Likate, uchomelee bati jipya. Chini ya milango na kwenye madigadi ya nyuma kagua kwa bisibisi, bonyeza. Ikizama, hapo hapana chuma.

## Taka, kabla hujaendelea

Ile rojo ya rangi na dawa usiimwage uwani wala kwenye mtaro. Ardhi yetu sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu, kinachomwagwa juu kinashuka haraka, na maji tunayokunywa tunayavuta kutoka hukohuko chini. Iweke kwenye kopo la bati, iache ikauke nje mbali na watoto na kuku, funga na uandike ni sumu, ulizia baraza la manispaa au la mji lako pa kuipeleka. Vumbi la msasa lifagie likiwa limelowa. Usichome vitambaa wala magamba ya rangi.

## Hatua ya 10: Msasa wa mwisho na usafi

Pitisha msasa namba 80 mpaka 180, kutegemea kopo la epoksi linataka nini, kipande chote kiwe na mikwaruzo ya aina moja. Chuma kinachong'aa kama kioo hakifai, praima haina pa kushikia. Unachotaka ni kijivu cha kufifia, sawasawa kila pahala, bila doa la chungwa, bila kivuli cha rangi ya zamani.

Puliza vumbi. Kisha vitambaa viwili, kimoja kimelowa maji ya kuondoshea mafuta, chengine kikavu kinafuata nyuma kabla hayajakauka. Ukiyaacha yakauke yenyewe mafuta yanarudi palepale yalipokuwa. Endelea mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Kuanzia hapa usikiguse chuma kwa mkono mtupu. Jasho ni chumvi, na alama ya kiganja inakuja kuonekana kama kutu yenye vidole vitano.

## Hatua ya 11: Praima, kabla jua halijazama

Kwanini epoksi? Kwasababu praima ya kijivu ya kawaida na redi oksaidi zina vitundu, zinakunywa maji. Utaona gari nyingi zimeachwa na praima ya kijivu nje miezi, mwenyewe anatafuta pesa ya rangi, na chini yake kutu inatembea bila yeye kuiona. Epoksi ikikauka inafunga. Ndo inayokupa nafasi ya kupumua, ukamaliza kipande hiki leo na kile wiki ijayo.

Kuna praima nyengine yenye tindikali, wash praima, mafundi wengi wanaipenda. Usiiweke chini ya epoksi ila kopo la epoksi liseme inaruhusiwa, nyingi hazipatani.

1. Mwaga maji ya tangi la kompresa, na hakikisha chujio la maji lipo kwenye mpira. Kwa unyevu wetu tangi linajaa maji haraka, na tone moja la maji kwenye bunduki linakuharibia kipande.
2. Changanya epoksi na hadina kwa vipimo vya kopo, kwa chombo chenye alama, usikisie. Baadhi zinataka kukaa baada ya kuchanganywa kabla ya kupigwa, soma.
3. Piga mikono miwili, yaani tabaka mbili, ukiacha muda wa kopo katikati. Kingo na maungio yaanze mwanzo kwa brashi ndogo, bunduki mara nyingi haifiki humo.
4. Maliza mapema, saa kumi na nusu alasiri kipande kiwe kimeshapigwa, kianze kushika kabla umande haujaanza kuteremka.

Umeme ukikatika na kompresa imelala, usikubali kukiacha chuma kilale kitupu. Epoksi inapakika kwa brashi au rola, itatoka na michirizi ambayo utaisugua kesho kwa msasa, michirizi haina dhara. Na ikitokea kweli chuma kimelala wazi, asubuhi rudi hatua ya 10 yote hata kama hukioni kilichobadilika, kutu ya kwanza haionekani kwa macho.

Ilofanikiwa utaijua kesho yake: praima iko sawa, haina vishimo wala macho ya samaki, na ukucha ukiukandamiza hauachi alama. Bandika tepu ya karatasi uivute kwa nguvu, isitoke na kitu.

Soma kopo muda wa kupaka kitu chengine juu, puti au praima ya kujazia. Ndani ya muda huo unapaka moja kwa moja, ukipita inabidi ukwaruze kwa msasa kwanza. Andika tarehe kwa penseli ndani ya kila kipande ili usichanganye.

Mpango wa vipande naoupendekeza: buti mwanzo kwa kujifunzia, boneti, milango mmoja mmoja, madigadi, halafu ubavu, na paa pamoja na gata zake mwisho kabisa, kwasababu paa ni pana, lina maungio mengi, na linataka siku nzima yenye watu wawili na hali ya hewa uloiangalia tangu jana yake.